Operesheni Iliyokuta Mazizi Matupu

Vijana wangu wa idara ya mifugo, juzi gari lenu lilipita mtaani kwetu hapa Bariadi likitangaza operesheni ya chanjo, nami nilikuwa nimekaa nje nachambua maharage. Niliacha kuchambua. Mke wangu akaniuliza kama naumwa. Sikuwa naumwa, ila neno lile likitoka kwenye kipaza sauti bado hunisimamisha kazi, ndiyo maana nimeona niwaandikie haya. Msinichukulie kuwa mzee anayewatafutia makosa watoto wa watu. Kazi hii niliianza nikiwa na nywele, nikaiacha nikiwa na kipara, na ninyi mnaoifanya sasa nawapenda, hata mnapoegesha pikipiki kwenye kivuli ambacho ng'ombe walikuwa wamepumzika.

Operesheni ni neno la Kiingereza. Mimi nilikutana nalo chuoni, mwalimu wetu akimpasua ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Kwake operesheni ilikuwa kisu, maji ya moto na mikono safi, na mwisho wake ndama alisimama akitetemeka, nasi tukapiga makofi. Kwa hiyo niliondoka chuoni nikiliona neno hilo kuwa zuri, neno la kuokoa. Maana yake nyingine nilifundishwa na Mzee Mabula, mchanjaji wetu mkuu wa zamani, ambaye kabla ya mifugo alikuwa askari na alikwenda vitani akarudi na mguu unaoburuza kidogo.

Mzee Mabula ndiye aliyenifundisha kazi. Chuo kilinipa cheti tu. Aliniambia nifike zizini kabla ng'ombe hawajatoka kwenda malishoni, kwa sababu mgonjwa hujificha akishatembea, lakini akiinuka asubuhi lazima akohoe. Tulikuwa tunasimama upande usio na moshi, hatusemi kitu, tunasikiliza. Kikohozi cha homa ya mapafu ni kifupi, kikavu, kama cha mtu anayeogopa kuumia mbavu, na mnyama mwenyewe husimama ametanua viwiko vya mbele, shingo ameinyoosha. Pia alinionya nisimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Siku yangu ya kwanza nilimuuliza mzee mmoja wa Sapiwi swali hilo, nikiwa na kalamu mkononi, na yule mzee akanijibu kwa upole kwamba yeye ana kuku. Nyuma yake zizi lilikuwa limejaa pembe. Mzee Mabula alicheka mpaka akakaa chini, halafu akanifundisha kuuliza, "Wanaendeleaje?"

Haya ninayotaka kuwasimulia yalitokea miaka ile ya soko huria. Vijiji vya Sapiwi na Mwamapalala vyote vilikuwa vya wilaya ya Bariadi, na Bariadi yenyewe ilikuwa chini ya Shinyanga. Mkoa wenu wa Simiyu ulikuwa haujaanzishwa. Majosho yalikuwa yamekauka kwa sababu dawa haikuletwa tena na serikali. Iliuzwa madukani, rafu moja na sabuni, na mwenye duka alikuwa anampimia mtu kwa kifuniko cha soda. Wenzangu wengi walipunguzwa kazini. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuja na magari yenye muziki, kila mmoja na kampeni yake, na wafanyabiashara wa ng'ombe wakawa wanatembeza mifugo kutoka mnada hadi mnada bila kibali cha mtu. Sisemi kila kitu kilikuwa kibaya. Watu walipata baiskeli, mabati, nguo. Lakini ng'ombe aliyenunuliwa mbali, aliyeshushwa karibu na stesheni kwetu Malampaka asubuhi, jioni angeweza kulala katika zizi la mtu ambaye hajui alikotoka. Homa ya mapafu iliingia kwa njia hiyo.

Ofisi za juu zilishtuka, na kwa haki. Ikaja amri kwamba chanjo itatolewa wilaya nzima, na zoezi lipewe jina la operesheni ili watu walione kuwa ni la haraka. Daktari wetu wa mifugo wa wilaya, kijana mwenye moyo mzuri asiyejua kupumzika, alilipenda jina. Ng'ombe wote waletwe kwenye kibanio cha kijiji, ile njia nyembamba ya miti ambamo tunawabana mmoja mmoja kuwachoma sindano. Atakayekaidi atachukuliwa hatua. Tukapewa gari lenye kipaza sauti na mgambo wawili.

Mzee Mabula alikuwa amebakiza muda mfupi astaafu. Alimsikiliza Daktari akimaliza maelezo, kisha akasema kitu ambacho siku ile sikukielewa vizuri.

"Daktari, operesheni ni kazi yenye adui. Mimi nimezifanya. Kabla hujaitangaza, mwambie mtu adui ni nani. Usipomwambia, atafikiri ni yeye."

Daktari alimjibu kwa heshima kwamba adui ni ugonjwa, kila mtu anajua. Gari likatangulia wiki kadhaa kabla ya chanjo, likazunguka vijiji vyote likinguruma kwamba operesheni inakuja.

Siku ya chanjo tulifika Sapiwi jua likichomoza. Kibanio kilikuwa tayari, kasha la barafu limejaa chupa za chanjo, mabomba ya sindano yamechemshwa. Hapakuwa na ng'ombe. Alikuja mwenyekiti wa kijiji na mbuzi wake mmoja, akasema mifugo iko mbali, malisho yamekuwa haba. Mvua ilikuwa imenyesha vizuri mwaka ule na majani yalifika magotini. Tulikaa mpaka barafu ikaanza kuyeyuka. Chanjo ile ikishachanganywa na maji yake haisubiri, ni ya kutumia palepale au kumwaga. Kwa hiyo hatukuchanganya hata chupa moja.

Daktari alikasirika. Mgambo mmoja akashauri twende nyumba kwa nyumba na kuvunja maboma. Mzee Mabula akasema tusiende, na akanituma mimi, peke yangu na kwa miguu, kwa Mayu Ngolo.

Mayu Ngolo alikuwa mjane. Mayu kwetu ni mama, na hata sisi tusio wa tumbo lake tulimwita hivyo. Nilimkuta anafagia zizi ambalo halina mnyama isipokuwa maksai mmoja aliyesimama pembeni. Tulisalimiana, mwangaluka mayu, mwangaluka baba, akaniuliza habari za nyumbani kwetu Malampaka, za mama yangu, za mvua. Wakati namjibu, yule maksai akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu. Nilimtazama: viwiko vimetanuka, shingo imenyooka kuelekea mbele.

Nikamuuliza wanaendeleaje. Akasema hawapo. Nikamwambia kwa adabu yote kwamba huyu aliyebaki ni mgonjwa, na kwamba wale aliokuwa nao zizi moja huenda wanao ugonjwa huohuo hata kama bado wanacheza. Akauliza maksai amepata wapi ugonjwa. Akanieleza mwenyewe kwamba dume lake jipya lilinunuliwa mnadani baada ya mavuno ya pamba, likakohoa kidogo, likafa. Alidhani ni nyasi mbaya. Nilipomuuliza wengine wamekwenda wapi, aliinama akaendelea kufagia.

Hapa lazima niwaeleze ninyi mliosomea mikoa mingine. Msukuma mwenye akili halazi ng'ombe wake wote zizi moja. Humpa ndugu huyu wawili, mkwe yule watatu, rafiki wa mbali mmoja. Anayewafuga hunywa maziwa, hulimia, siku nyingine hupewa ndama. Mwenye mali analala akijua kwamba wezi wakija au ukame ukija, hatapoteza wote. Ni bima yetu kutoka enzi na enzi, na pia ni undugu, kwa sababu humpi ng'ombe wako mtu usiyemwamini. Hatari ikinukia, ng'ombe hutawanywa haraka. Na gari letu lilikuwa limezunguka vijiji vyote likiwaambia watu hatari inakuja.

Nikamuuliza Mayu Ngolo kwa nini ameogopa sindano, yeye ambaye miaka yote alikuwa wa kwanza kwenye josho. Alikaa juu ya gogo la mlangoni.

"Sindano siogopi, mwanangu. Mimi operesheni naijua. Ilikuja na gari hivihivi, na mgambo hivihivi, tukaambiwa tuhame tukakae pamoja. Walisema ni kwa faida yetu. Nyumba yangu walichoma na mtama ndani. Ng'ombe wakatoka kwa fimbo, hatukuwaona wote tena. Tulilala kwenye mvua huku tulikoletwa, na mtoto wangu wa mwisho nikamzika huku. Sasa leo unaniambia operesheni, nikuletee ng'ombe niwapange?"

Wakati wa kuhamishwa kule, enzi za vijiji vya ujamaa, nilikuwa shule ya bweni, mbali. Niliporudi likizo nilikuta kijiji kimenyooka kama mstari wa daftari na nikaona kimependeza. Hakuna aliyenisimulia, na mimi sikuuliza. Nilisimama mbele ya yule mama nikiwa na koti jeupe la serikali, nikaona aibu ambayo haikuwa ya kwangu peke yangu. Niliporudi kibanioni nikawaeleza Daktari na Mzee Mabula yote. Daktari alipanda juu ya gari mwenyewe, akafungua kipaza sauti kwa spana, akakishusha. Wale mgambo wawili akawarudisha mjini kwa lifti ya lori la pamba. Kijana yule nilimheshimu kuanzia saa ile.

Lakini kushusha kipaza sauti hakukurudisha ng'ombe. Ugonjwa ulikuwa umeshatembea, na uliopo kwa Mayu Ngolo ndio tuliokuwa na hakika nao. Tulihitaji atutajie alikopeleka mifugo yake. Tulirudi kwake sote watatu, tukakaa chini. Mzee Mabula alimwambia kwa Kisukuma, polepole, kwamba hatutawarudisha ng'ombe wake. Watabaki walipo, na sisi tutawafuata hukohuko tuwachanje pamoja na wenyeji wao. Anayekohoa tu ndiye atakayechinjwa.

Yule mama aliinamisha kichwa. Alikuwa amewapeleka, kama alivyokuja kutuambia, kwa kaka yake, kwa shoga yake wa zamani, na majike wazuri kuliko wote aliwapeleka Mwamapalala kwa Mzee Maduhu, baba mkwe wa binti yake Minza. Mzee Maduhu alikuwa na kundi kubwa, na sehemu ya kundi lile ndiyo iliyokuwa ya kuolea watoto wake waliobaki.

Mnaofahamu Usukuma wa miaka ile hamhitaji kuambiwa alichokuwa anaogopa. Mwanamke mzee, mjane, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni za miaka mingi. Ng'ombe wake wanaingia zizi la watu, na kundi la watu linaanza kufa. Si ugonjwa utakaotajwa hapo, ni uchawi. Wanawake wa namna yake waliuawa kwa mapanga kwa sababu ndogo kuliko hiyo, na binti aliyeolewa mle ndani angerudishwa, au angebaki kwa mateso. Angeweza kunyamaza. Ng'ombe wangekufa Mwamapalala, na watu wangetafuta mchawi wao mahali pengine. Nilimwona akilifikiria jambo hilo, na sikumlaumu hata kidogo.

Mwishowe alisema, "Nitakwenda Mwamapalala mwenyewe. Ninyi mtanifuata nyuma."

Kwa desturi mama mkwe haingii tu kwenye boma la wakwe zake. Hutuma ujumbe kwanza, hupokewa kwa heshima, hata chakula huwa ni shida kukila pale. Siku ile Mayu Ngolo alishuka garini mbali na boma, akajifunga khanga kichwani, akatembea mbele yetu bila ujumbe wowote. Watoto walimwona, wakakimbia kuita. Minza alitoka jikoni na mikono yenye unga, akasimama, hakuthubutu kumkaribia mama yake. Mzee Maduhu alitoka na fimbo yake. Alitutazama sisi, akalitazama gari, akaliona kasha la barafu mikononi mwa Daktari.

"Mkwe wangu, umetuletea operesheni?"

"Hapana. Nimekuja mimi. Ng'ombe wangu niliokupa wana ugonjwa. Umetoka zizini kwangu, sikujua. Nimekuja kukuambia kabla hujaambiwa na mtu."

Mimi niliangalia lile boma, ile miiba ya langoni, wale vijana wake wakubwa waliokuwa wamesogea, na nilikuwa naogopa kweli. Mzee Maduhu alimuuliza Minza kama alikuwa analijua jambo hili. Minza akatikisa kichwa. Ndipo jike mmoja mweusi mwenye baka jeupe kifuani, wa Mayu Ngolo, akakohoa mle zizini, na kila mtu akageuka.

Nilimwomba Mzee Maduhu ruhusa tumchinje hapohapo, na aite majirani wote waje waone. Daktari alinitazama akidhani ninatafuta balaa. Lakini niliona kwamba pasipo macho ya watu, hadithi itatengenezwa gizani na wengine. Majirani walikuja. Tulimchinja yule jike, nami nikamfungua kifua taratibu kama nilivyofundishwa chuoni. Maji ya njano yalimwagika. Nikawaonyesha pafu lilivyoganda kwenye mbavu, lilivyokuwa gumu kama ini, nikalikata, nikawaonyesha ndani yake palivyokuwa na mistari kama sakafu ya marumaru. Nikaleta na pafu zima la mbuzi aliyechinjwa kwa jirani siku hiyo, nikaliweka kando. Nikawaambia wapapase wenyewe. Mwanzo hakuna aliyesogea, halafu Mayu Ngolo akawa wa kwanza kuweka mkono.

Mzee Maduhu alichuchumaa muda mrefu akitazama. Akaniuliza jambo hili limetumwa na nani. Nikamwambia halijatumwa. Limetoka kwa ng'ombe wa mnadani, likaja kwa pumzi, ng'ombe mmoja akimpumulia mwenzake usiku zizini, na litaendelea hivyo kwa yeyote atakayechelewa. Akainuka. Alikwenda langoni, akavuta miiba kwa mikono yake, akawaita ng'ombe wake kwa majina, mmoja baada ya mwingine, wakaja. Vijana wake waliwashika pembe, nasi tukachanja mpaka chupa zikaisha. Mapafu tulizika kwenye shimo refu. Nyama Daktari aliruhusu iliwe, kwa sababu ugonjwa ule haumpati mtu, lakini Mayu Ngolo hakuonja.

Baada ya hapo kazi ilienda kwa namna nyingine kabisa. Tulifuata undugu badala ya kibanio. Kila boma tulilofika tulimwomba mwenyeji atupeleke alikoweka ng'ombe wake, na yeye mwenyewe ndiye aliyetangulia kubisha. Ilikuwa polepole na mafuta ya gari yalituishia kila mara. Neno lile hatukulitamka tena vijijini, tulisema tu tumekuja kuchanja. Ripoti ya Shinyanga ilibaki inaitwa operesheni, nasi tuliiacha iitwe hivyo.

Sitawadanganya kwamba tuliwahi kila mahali. Chanjo haimponyi mnyama ambaye ameshapokea ugonjwa. Kwa Mzee Maduhu waliendelea kufa, mmoja leo, mwingine baada ya wiki, na kila nilipokwenda kukagua Minza aliniandalia kiti bila kuniangalia usoni. Yule mzee alikuwa anajibu salamu na kunionyesha waliolala, basi. Mwanawe aliyekuwa aoe mwaka ule hakuoa. Niliogopa kila nilipoondoka pale kwamba nitakaporudi nitasikia habari ya Sapiwi, na ninyi mnajua habari gani.

Vifo vikakoma. Ikapita pamba moja, mvua zikarudi. Asubuhi moja nilikuwa napita Sapiwi kwa baiskeli na kasha langu, nikamkuta Mayu Ngolo amesimama kwenye lango la zizi lake, ameshika kipande cha kamba mkononi, analia waziwazi bila kujifuta. Nikashuka kwa hofu nikamuuliza amepatwa na nini. Ndani alikuwa amesimama mtamba wa kahawia, mnene, mgeni pale, anazungushazungusha masikio.

Akaniambia ameletwa jana na kijana wa Mzee Maduhu. Kijana hakutoa maelezo marefu. Alisema baba yake anamsalimia mkwe wake, na anaomba amfugie ng'ombe wake.